Aneroidi: Historia ya Kipimo Kikavu

Aneroidi ni kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa, ambao vitabu vya fizikia huuita kanieneo, bila kutumia kimiminika cha aina yoyote. Ndani yake hamna zebaki, maji wala spiriti. Kazi ambayo katika vipimo vya zamani hufanywa na kimiminika kinachopanda na kushuka kwenye mrija wa kioo, humu hufanywa na kikebe chembamba cha madini kilichofyonzwa hewa kisha kikazibwa. Hewa ya nje ikizidi kusukuma, kikebe hubonyea. Ikilegea, kikebe huinuka. Na mwendo huo mdogo hukuzwa kwa nyenzo hadi mshale ukazunguka juu ya uso wenye namba. Kifaa cha kwanza kupewa jina hilo kilikuwa barometa, na mpaka leo anayetaja aneroidi bila kuongeza neno huwa anakusudia barometa ya namna hiyo. Lakini jina limesambaa mbali zaidi, kutoka kwenye ndege hadi kwenye mashine ya kupimia presha ya damu.

Neno lenyewe liliundwa nchini Ufaransa katika miaka ya 1840 kwa vipande vitatu vya Kigiriki. Herufi a ya mwanzo ni kikanushi. Kipande cha kati ni neros, chenye maana ya kitu chenye majimaji. Kiishio chake ni kile kinachotokana na eidos, yaani umbo au sura. Kipande cha kati bado ki hai: Mgiriki wa leo akiomba maji husema nero, neno ambalo wanaisimu hulifuatilia hadi kwenye usemi wa kale wa maji mabichi, maji yaliyotekwa sasa hivi. Kiishio ndicho kilichokaa kigeni. Katika istilahi nyingi za sayansi kiishio hicho huonyesha mfanano, kama katika asteroidi, gimba linaloonekana kama nyota lakini si nyota. Aneroidi haifanani na kitu. Ni umbo lisilo na majimaji, basi. Jina linataja kilichokosekana, wala halisemi kifaa kina nini au kinafanya nini. Ili lieleweke ni lazima kwanza kujua ni majimaji gani yaliyokuwa yakitarajiwa humo, na kwa nini kuyaondoa kulikuwa jambo kubwa kiasi cha kulitungia neno.

Majimaji hayo yalikuwa zebaki. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 mafundi wa pampu wa Italia walijua kwamba pampu ya kufyonza haiwezi kuvuta maji kupita kimo cha mita 10 na kidogo, hata ikitengenezwa kwa ustadi gani. Evangelista Torricelli, aliyeshika nafasi ya Galileo mjini Florence, aliona kwamba maji hayavutwi kutoka juu bali yanasukumwa kutoka chini na uzito wa hewa, na kwamba kimiminika kizito zaidi kingesimama kwenye kimo kifupi zaidi. Zebaki ni nzito kuliko maji kwa mara 13.6. Kwa msaada wa Vincenzo Viviani, mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja ulijazwa zebaki, ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, na safu ikashuka hadi ikatulia kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Juu yake pakabaki ombwe. Torricelli alilieleza jambo hilo katika barua aliyomwandikia Michelangelo Ricci mwezi Juni 1644, akisema kwamba binadamu wanaishi chini kabisa ya bahari ya hewa, na kwamba hewa hiyo ina uzito.

Miaka minne baadaye, tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima wa Puy de Dôme katikati ya Ufaransa akiwa na mrija kama huo. Alikuwa ametumwa na shemeji yake, Blaise Pascal, aliyetaka kujua kama zebaki ingeshuka kadiri mtu anavyopanda. Ilishuka kwa takriban sentimita 8, ilhali mrija wa pili ulioachwa chini mjini Clermont chini ya uangalizi haukubadilika siku nzima. Tangu siku hiyo kifaa kimoja kilikuwa na kazi mbili: kueleza hali ya anga, na kueleza urefu wa mahali kilipo. Kazi hizi mbili ndizo zilizokuja kuipa aneroidi thamani, na ndizo pia zilizoitia matatani, kwa sababu mshale peke yake hausemi kama umesogea kwa kuwa dhoruba inakuja au kwa kuwa aliyeubeba amepanda kilima.

Barometa ya zebaki ilikuwa sahihi, lakini haikusafiri vizuri. Ilikuwa na urefu unaokaribia mita moja, ilitaka kusimamishwa wima, na kioo chake kilivunjika kwa urahisi. Ikilazwa vibaya, viputo vya hewa vilipenya na kuharibu ombwe la juu. Melini mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu chombo kikiyumba, zebaki nayo hupanda na kushuka mrijani hata isisomeke. Mafundi wa karne ya 18 walipunguza tatizo hilo kwa kuubana mrija sehemu moja ili zebaki ipite polepole, na barometa za namna hiyo zilisafiri na James Cook katika bahari za kusini. Hata hivyo, kwa msafiri wa nchi kavu anayepita maporomoko na kuvuka mito, mrija wa zebaki uliendelea kuwa mzigo wa hofu.

Wazo la kuachana na kimiminika halikuanzia karne ya 19. Gottfried Wilhelm Leibniz, mwanafalsafa na mwanahisabati wa Kijerumani, alilipendekeza katika barua zake kwa Johann Bernoulli mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Alifikiria mvukuto mdogo kama wa mhunzi, uliofungwa kabisa, ambao hewa ingeukandamiza na springi ingeupanua. Fikra ilikuwa sahihi, ila ufundi wa wakati huo haukuweza kuitekeleza. Ngozi huvujisha hewa, na kutengeneza bati jembamba linalozibwa bila kuacha tundu, likanyumbuka mara maelfu bila kupasuka, kulikuwa jambo la baadaye.

Aliyekaribia zaidi ni Nicolas-Jacques Conté, mtu wa vipaji vingi anayekumbukwa zaidi kwa penseli ya kisasa, ile ya unga wa grafiti uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Conté aliongoza shule ya maputo ya jeshi la Ufaransa huko Meudon, na mtu wa maputo ana haja ya barometa nyepesi kuliko mtu yeyote. Mnamo 1798 alieleza kifaa kilichofanana na saa ya mfukoni: kikebe kigumu chenye kifuniko chembamba cha chuma kilichoegemezwa kwenye springi, na ndani yake ombwe. Kifaa hakikutegemeka, kwa kuwa springi zake zilibadilika nguvu kila joto lilipobadilika. Mwaka huohuo Conté aliondoka na Napoleon kwenda Misri, na jambo hilo likasahaulika kwa karibu nusu karne.

Lucien Vidie, ambaye jina lake huandikwa pia Vidi, alizaliwa Nantes mwaka 1805 na alisomea sheria. Kilichomvutia ni injini za mvuke. Boila za wakati ule zililipuka mara kwa mara na kuua watu, na namna salama ya kupima mgandamizo wa mvuke ilikuwa ikitafutwa kila mahali penye viwanda. Katika shughuli hiyo Vidie aliona kwamba kiwambo cha bati jembamba kinachobonyezwa na mvuke kinaweza kubonyezwa na hewa pia, mradi upande wake wa pili uwe na ombwe. Mwaka 1844 alipata hataza nchini Ufaransa, na mwaka huohuo hataza ya Uingereza ikachukuliwa kupitia wakala aliyeitwa Fontainemoreau. Hapo ndipo aneroidi ilipozaliwa ikiwa bidhaa, si wazo tu.

Ugumu aliokuwa ameushinda huonekana kwa hesabu fupi. Kiwambo cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 5 husukumwa na hewa ya kawaida ya pwani kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20 hivi. Bati likiwa nene la kuhimili mzigo huo, halinyumbuki tena. Likiwa jembamba la kunyumbuka, linabonyea lote na kugandana na bati la upande wa pili. Vidie aliliacha jembamba, akalitia mikunjo ya duara, duara ndani ya duara, ili linyumbuke bila kukunjika mahali pamoja, kisha akaweka springi za kulizuia lisigandane. Springi ndiyo inayobeba mzigo na bati hubaki kuwa mlango tu. Baadaye springi ilihamishiwa nje ya kikebe, ikawa ukanda mnene wa chuma uliopinda juu yake na kukivuta kifuniko, na umbo hilo likadumu kwa zaidi ya karne moja.

Mwendo wa kifuniko ni mdogo mno hata jicho halitauona. Wenzo wa kwanza huukuza, wa pili huukuza tena, kisha mnyororo mwembamba kama wa saa huuzungusha mhimili wa mshale, huku springi nyembamba iliyosokotwa ikiutoa ulegevu. Ncha ya mshale husafiri mara mamia ya mwendo wa bati. Kasoro iliyomshinda Conté, ile ya joto, hutulizwa kwa njia mbili. Wenzo mmoja hutengenezwa kwa madini mawili yaliyounganishwa, yanayopanuka kwa viwango tofauti na hivyo kujipinda kinyume cha kosa. Ama huachwa hewa kidogo ndani ya kikebe, ambayo ikipata joto huongeza msukumo wakati springi inapolegea. Kwa hiyo aneroidi nyingi hazina ombwe kamili, na hilo ni la makusudi.

Jina lilienda sambamba na bidhaa. Mjini London aliyeinadi zaidi ni Edward John Dent, fundi saa mashuhuri ambaye karakana yake baadaye ilitengeneza saa kubwa ya jengo la Bunge. Mwaka 1849 Dent alichapisha kitabu kidogo cha kuieleza barometa hiyo mpya ya kubebwa, na aneroidi likawa neno la Kiingereza kama lilivyokuwa la Kifaransa. Si kila mtu aliliridhia. Baada ya hataza ya Vidie kumaliza miaka yake 15 mnamo 1859, watengenezaji wengine waliingia sokoni, na katika miaka ya 1860 Paul Naudet wa Paris aliuza barometa zake kwa jina la holosteriki, lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kitu kigumu chote. Kwa mantiki jina la Naudet lilikuwa bora, maana lilisema kifaa ni nini badala ya kusema si nini. Bado laonekana kwenye nyuso za barometa kuukuu za Kifaransa. Lakini lilichelewa: mabaharia, wapima ardhi na wauza miwani walikuwa wamekwisha kuzoea lile la kwanza, na kwenye istilahi mazoea huwa na nguvu kuliko mantiki.

Vidie mwenyewe hakufurahia matunda kwa amani. Mwaka 1849 mhandisi Eugène Bourdon alipata hataza ya kipimo kilichotumia mrija bapa wa madini uliopindwa kama mundu. Mgandamizo ukizidi ndani ya mrija, mrija hujaribu kunyooka, na ncha yake huvuta mshale. Bourdon aliligundua hilo alipokuwa akirekebisha mrija wa mashine ya mvuke uliobonyezwa kwa bahati mbaya. Aliposukuma maji ndani ili uvimbe urudi katika umbo lake, akaona umeanza kujikunjua. Vidie alimshtaki kwa kuiba wazo la kupima mgandamizo kwa kunyumbuka kwa madini. Kesi iliburutwa kwa miaka mingi ya muongo wa 1850, na Vidie, mwanasheria aliyegeuka mvumbuzi, alishindwa kwanza kabla ya kupewa fidia. Alifariki mwaka 1866. Historia imewagawia wawili hao haki kwa namna yake: kikebe chenye ombwe bado huitwa kikebe cha Vidie katika vitabu vya hali ya hewa, na mrija wa Bourdon umo ndani ya karibu kila geji ya mitungi ya gesi, boila na pampu za upepo. Geji ya Bourdon nayo ni kifaa kikavu, kwa hiyo kwa maana pana ya neno ni aneroidi, ingawa mafundi hawaiiti hivyo.

Umaarufu wa kipimo kipya uliletwa na bahari. Robert FitzRoy, nahodha aliyekuwa amezunguka dunia na Charles Darwin kwenye meli ya Beagle, aliwekwa mwaka 1854 kuongoza idara mpya ya hali ya hewa ya serikali ya Uingereza. Baada ya dhoruba ya Oktoba 1859 kuizamisha meli ya Royal Charter karibu na Wales na kuua watu wasiopungua 400, alisukuma mbele mfumo wa maonyo ya tufani kwa telegrafu. FitzRoy aliwaonya wasomaji wa barometa wasiamini sana maneno yaliyochorwa kwenye uso wake, yale ya dhoruba, mvua, mabadiliko, kweupe na ukavu. La maana, alisisitiza, ni kama mgandamizo unapanda au unashuka, na kwa kasi gani. Maneno yenyewe yalirithiwa kutoka barometa za zebaki za karne ya 17 na 18, yakahamishiwa kwenye uso wa aneroidi bila kufikiriwa upya.

Onyo la FitzRoy lina uzito zaidi katika nchi za joto kuliko kwake mwenyewe. Barometa ya Ulaya ikitundikwa ukutani Mombasa au Unguja, mshale wake hautacheza kati ya dhoruba na kweupe kwa namna inayofahamika London. Karibu na ikweta mgandamizo hubadilika kidogo tu kutoka juma hadi juma. Badala yake hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu unaokaribia ule wa saa: hufika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hushuka mnamo saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali mbili au tatu. Asiyeijua tabia hiyo atadhani kila alasiri mvua inakuja. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,600, mgandamizo wa kawaida ni hektopaskali 820 au 830 hivi, wakati usawa wa bahari una 1,013. Aneroidi ya nyumbani iliyotengenezwa kwa miji ya pwani ya Ulaya ingeonyesha pale tufani isiyowahi kutokea duniani, kama mshale haujagonga mwisho wa uso wake. Ndiyo maana kila aneroidi hupewa skrubu ndogo nyuma, ya kuurekebisha mshale ulingane na mahali ilipo.

Kwa wapanda milima na wapima ardhi, aneroidi ilikuwa na faida isiyopingika: iliingia mfukoni. Kabla yake, na hata baada yake, wasafiri wengi walikadiria urefu kwa kuchemsha maji, kwa kuwa maji huchemka kwenye joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda, takriban digrii moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Kipimajoto kikiwa na kosa la digrii moja tu, hesabu hupotoka kwa mita mia tatu. Aneroidi ilionyesha mabadiliko ya mita chache. Tatizo lilikuwa uaminifu wake kadiri muda ulivyopita.

Aliyelichunguza jambo hilo kwa bidii kuliko wote ni Edward Whymper, Mwingereza aliyefika kwanza kileleni mwa Matterhorn mwaka 1865. Alipokwenda Andes ya Ecuador mnamo 1879 na 1880, alibeba barometa za zebaki pamoja na aneroidi kadhaa, akawa anazilinganisha siku baada ya siku. Aligundua kwamba aneroidi ikipandishwa mlimani haiishii pale inapofika. Huendelea kushuka kidogo kidogo kwa siku na majuma, kana kwamba madini yanaendelea kunyooka chini ya mzigo uliopungua. Ikiteremshwa, hairudi papo hapo. Makosa hayo hayakulingana kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Whymper alichapisha matokeo yake mwaka 1891 katika kitabu kizima kuhusu namna ya kuitumia aneroidi, na tangu hapo hakuna mpimaji makini aliyeandika urefu wa mlima kwa kusoma mshale mara moja na kuondoka.

Kilimanjaro ni shahidi mzuri wa ugumu wa kupima urefu kwa hewa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na urefu uliotangazwa baada ya safari yao ulikuwa mita 6,010. Upimaji wa karne iliyofuata uliuteremsha hadi mita 5,895, ambazo ndizo zilizo vitabuni leo. Huko juu mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam, na kila hektopaskali moja inayokosewa huwa na maana ya mita nyingi zaidi kuliko pwani.

Kisa cha kutisha kuliko vyote katika historia ya aneroidi kilitokea angani. Tarehe 5 Septemba 1862 James Glaisher, mtaalamu wa hali ya hewa wa kituo cha Greenwich, na rubani Henry Coxwell walipaa kwa puto kutoka Wolverhampton bila oksijeni ya akiba. Puto lilipanda kwa kasi. Glaisher aliendelea kuandika vipimo hadi mikono yake ikakataa, kisha macho yakashindwa kuona namba, kisha akazimia. Kipimo chake cha mwisho kiliashiria takriban mita 8,800. Coxwell alilazimika kupanda kwenye pete iliyo juu ya kapu ili kuifungua kamba ya valvu iliyokuwa imesokotana. Mikono yake iliganda kwa baridi, akashindwa kuishika kamba, akaivuta kwa meno mpaka valvu ikafunguka na puto likaanza kushuka. Katika hali hiyo aliitupia jicho aneroidi. Hakusoma namba, alikumbuka tu kwamba mshale wake wa buluu ulikuwa umenyooka katika mstari mmoja na kamba moja ya kapu. Baadaye, ardhini, Glaisher alitumia kumbukumbu hiyo kukokotoa kwamba walifika takriban mita 11,000. Wataalamu wa baadaye waliona hesabu hiyo imezidi. Lakini hata ikipunguzwa, mrija wa zebaki haungeweza kumwachia mtu anayepoteza fahamu alama ya namna hiyo. Mshale uliweza, kwa sababu mwelekeo wake huonekana hata pale namba zisiposomeka.

Vikebe kadhaa vilipounganishwa kimoja juu ya kingine, mwendo wao uliongezeka kiasi cha kuweza kusukuma kalamu. Kutokana na hilo ikaja barografu, ambayo kampuni ya ndugu wa Richard mjini Paris iliieneza kuanzia miaka ya 1880: kalamu huchora mstari juu ya karatasi iliyozungushiwa pipa dogo, na pipa huzunguka mara moja kwa juma. Vituo vya hali ya hewa viliweza sasa kuona usiku ulivyopita bila mtu kukesha.

Ndege ilipokuja, rubani alihitaji kitu kilekile. Altimeta ya ndege si kingine ila aneroidi yenye namba za urefu badala ya namba za mgandamizo. Mwaka 1928 Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani, alitengeneza altimeta yenye gia za usahihi kama za saa nzuri, na tarehe 24 Septemba 1929 Jimmy Doolittle aliitumia kuruka na kutua New York akiwa amefunikwa asione nje. Ule utata wa tangu siku za Pascal, kati ya hali ya anga na urefu, ulitatuliwa kwa kitasa kidogo. Kabla ya kutua, mwongoza ndege humpa rubani mgandamizo wa uwanja uliorekebishwa hadi usawa wa bahari, naye hukizungusha kitasa mpaka namba hiyo itokee kwenye dirisha dogo la altimeta. Asipofanya hivyo, kila hektopaskali moja ya kosa humpoteza kwa mita 8 hivi, na katika ukungu mita 8 ni nyingi. Wakiwa juu sana, marubani wote huweka namba moja ya makubaliano, 1,013.2, ili hata wakikosea urefu halisi wakosee kwa pamoja na wasigongane. Katika miaka hiyohiyo vikebe vya Vidie vilifungwa kwenye maputo yasiyo na mtu pamoja na redio ndogo. Robert Bureau nchini Ufaransa mwaka 1929, na Pavel Molchanov katika Umoja wa Kisovieti mwezi Januari 1930, walipokea kutoka angani vipimo ambavyo zamani vilimfanya Glaisher azimie.

Hospitalini neno liliingia kwa njia nyingine. Scipione Riva-Rocci, daktari wa Turin, alieleza mwaka 1896 mkanda wa kufunga mkononi uliounganishwa na safu ya zebaki, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa St. Petersburg akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo kwa kifaa cha masikioni chini ya mkanda huo. Toleo kavu la mashine hiyo, lenye uso wa duara kama wa saa, ndilo linaloning'inia leo kwenye kuta za zahanati nyingi za Afrika Mashariki na kusafiri kwenye mikoba ya wauguzi. Hakuna tone la zebaki ndani yake, lakini namba zake zingali zikihesabiwa kwa milimita za zebaki; presha ya 120 kwa 80 ni kimo cha safu ya kimiminika kisichokuwepo.

Zebaki ilibaki kwa muda mrefu kuwa mwamuzi. Aneroidi ya hospitali au ya kituo cha hali ya hewa hupotoka baada ya kuanguka, kugongwa au kuzeeka, na ilikuwa lazima ilinganishwe mara kwa mara na mrija wa zebaki, ambao usahihi wake hutokana na uzito wa zebaki yenyewe na nguvu ya uvutano wa dunia. Mpango huo umevunjwa na sumu. Mkataba wa Minamata, uliobeba jina la mji wa Japani ambako maelfu ya watu walilemazwa na zebaki ya kiwanda iliyoingia katika samaki, ulipitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Unataka utengenezaji na biashara ya barometa na mashine za presha za zebaki vikome, pamoja na vipimajoto vya zebaki. Vipimo vikavu vimebaki peke yao, na sasa hulinganishwa na vyombo vya elektroniki katika maabara za vipimo.

Nao msamiati umezidi kupanuka. Wakemia wana kalorimeta ya aneroidi, ambamo joto hupokewa na bonge la madini badala ya bafu la maji. Mafundi wa injini za dizeli zenye turbo huita aneroidi kile kiwambo kinachopima hewa inayoingia na kuongeza mafuta kulingana nayo. Ndani ya simu nyingi za mkononi kuna kipande cha silikoni kisichozidi milimita chache, na juu yake kiwambo kilichofunika tundu lenye ombwe. Hewa hukibonyeza, nguvu ya umeme hubadilika, na simu hujua kama mwenyewe amepanda ghorofa moja. Hakina springi, mnyororo wala mshale, na wauzaji wake hawakiiti aneroidi, lakini kikebe ni kilekile cha hataza ya 1844.